Mita 100 za mwisho: kwa nini watu watatu waligeuka nyuma kwenye Pezi la Papa

Mwaka 2008, mvua za monsuni zilipokwisha kaskazini mwa India, watu watatu walifika chini kidogo ya kilele ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kwa njia ile. Walibakiza kama mita 100. Nyuma yao kulikuwa na zaidi ya kilomita moja ya barafu na mwamba, waliyoipanda kwa kamba, misumari ya chuma na vidole. Wakakubaliana, wakageuka.

Mita 100 ni urefu wa kiwanja cha mpira. Ndiyo maana kila ninaposimulia habari hii, swali huwa ni lile lile: mtu anateseka vipi zaidi ya wiki mbili ukutani, halafu anarudi akiwa amebakiza kiwanja kimoja cha mpira? Majibu mepesi yapo. Walichoka. Waliogopa. Hayo hayanitoshi, kwa sababu kiongozi wao, Mmarekani Conrad Anker, ndiye aliyeupata mwaka 1999 mwili wa George Mallory, mpandaji Mwingereza aliyepotelea kwenye Everest mwaka 1924, na wenzake, Jimmy Chin na Renan Ozturk, nao walikuwa watu wa milima hasa. Jibu liko kwenye umbo la mlima wenyewe, kwenye upepo ambao watu wa pwani yetu wanaujua kwa jina, na kwenye hesabu ya chakula na gesi ambayo yeyote aliyewahi kuishiwa mtungi katikati ya mapishi ataielewa mara moja.

Meru nyingine

Mlima wenyewe unaitwa Meru. Si ule unaoitazama Arusha. Majina yamefanana tu: wetu ni ule ambao Wameru wanaishi miguuni pake, na ule wa India umepewa jina la mlima ambao masimulizi ya Kihindu yanausema kuwa ndio mhimili wa ulimwengu. Uko jimbo la Uttarakhand, katika eneo la Garhwal, karibu na Gaumukh, pale maji yanapotoka chini ya mto wa barafu wa Gangotri na kuanza safari ya kuwa mto Ganga (Ganges). Mahujaji hutembea kutoka mji wa Gangotri kwenda kuyaona maji hayo. Wapandaji huwapita mahujaji, huendelea kupanda hadi uwanda wa majani wa Tapovan, na hapo ndipo wanapopiga kambi.

Meru ina vilele vitatu. Cha kati kina mita 6,310, yaani kinaizidi Kilimanjaro kwa mita 400 na ushei tu. Kwa kipimo cha Himalaya huo ni mlima mfupi. Everest ina mita 8,849, na kila mwaka mamia ya watu huifikia. Kwa hiyo urefu peke yake hauelezi chochote, na hapo ndipo wasomaji wengi wa habari za milima wanapopotea: wanalinganisha milima kwa namba moja.

Kinachoifanya Meru ya Kati iwe ngumu ni ubavu wake mmoja, jiwe la matale lililochongoka na kusimama angani kama pezi la papa linalokata maji. Wapandaji wanauita hivyo hivyo, Pezi la Papa. Ukitaka kulielewa, usilitazame kutoka chini kwenda juu kama mtalii. Litazame kama fundi anayetafuta mahali pa kuanzia kazi.

Kwenye kuta nyingi kubwa za milima, mwamba mgumu uko chini na theluji iko juu. Mpandaji hupambana na mwamba akiwa bado na nguvu, huacha vyuma vyake vizito hapo, kisha humalizia kwenye theluji akiwa na begi jepesi. Pezi la Papa limepinduka. Mita 1,200 hivi za kwanza ni theluji, barafu na mawe mchanganyiko, mahali panapotaka mtu mwepesi aendaye mbio kabla jua halijalegeza vitu vikaanza kumwangukia. Ukishazipita, juu kabisa, palipo na hewa kidogo, unakutana na ukuta wa matale wa mita kama 450. Umesimama wima, na mahali pengine umeinamia nje, hata jiwe ukilidondosha haligusi kitu kwa sekunde nyingi. Ukuta huo unataka vyuma vingi, kamba nyingi, kitanda cha kuning'inia, na siku nyingi.

Mlima huu, basi, unadai mambo mawili yasiyopatana. Chini unakwambia, njoo mwepesi. Juu unakwambia, njoo na duka zima la vyuma. Aliyekuja mwepesi alifika kwenye ukuta akakosa vifaa vya kuupanda. Aliyekuja na mzigo alichelewa huku chini, akashikwa na hali ya hewa. Mugs Stump, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa Anker katika upandaji, alijaribu miaka ya 1980 akashindwa. Alifariki mwaka 1992 kwenye mlima Denali, Alaska, bila kuipata njia hiyo. Anker mwenyewe alijaribu mwaka 2003, akarudi. Mrusi Valery Babanov alifika kilele cha Meru ya Kati mwaka 2001, peke yake, lakini kwa kupita njia nyingine, si juu ya lile pezi.

Wagumu hawapo

Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anakumbuka mizani ya getini. Mizigo inapimwa, kila mpagazi anapewa wake, na kikomo ni kilo 20. Wagumu, kama wapagazi wenyewe wanavyojiita, ndio wanaoufanya mlima upandike: wanabeba mahema, unga, gesi, maji, hata meza na viti. Mgeni anabeba chupa yake ya maji na koti. Safari kubwa za Himalaya za zamani zilifuata mtindo huo kwa kipimo kikubwa zaidi. Ile ya Waingereza iliyomfikisha Tenzing Norgay na Edmund Hillary juu ya Everest mwaka 1953 ilitumia wapagazi zaidi ya 350 kufikisha mizigo kambini, kisha kambi zikapandishwa moja juu ya nyingine kama ngazi.

Mtindo wa pili, wa timu ndogo inayobeba kila kitu yenyewe, una mizizi inayopita Kenya. Eric Shipton na Bill Tilman walikuwa wakulima wa kahawa huko miaka ya 1920, na mwaka 1930 walipanda pamoja Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi, wawili tu kwenye kamba moja. Mazoea hayo ya kwenda na kitu kidogo waliyapeleka Himalaya. Mwaka 1934, wakiwa na Washerpa (wenyeji wa milima ya Himalaya) watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang, walilipenya korongo la mto Rishi Ganga na kuingia kwenye bonde lililozungukwa na milima chini ya Nanda Devi, mita 7,816, ambalo safari zilizotangulia zilikuwa zimeshindwa kulifikia. Nanda Devi iko Garhwal hiyo hiyo, si mbali na Meru.

Timu ndogo ina faida kubwa. Inaamua upesi, inakwenda upesi, inahitaji fedha kidogo, na haitegemei mamia ya watu kuhatarisha maisha yao kwa ajili ya kilele cha mtu mwingine. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Lakini ina upungufu mmoja ambao hauna dawa: haina akiba. Kambi ya pili haipo. Mtu wa kukuletea unga kesho hayupo. Ulichobeba asubuhi ya kwanza ndicho ulicho nacho mpaka mwisho, na kila kilo ya chakula uliyoongeza imechukua nafasi ya kilo ya chuma, au imekupunguzia mwendo.

Anker na wenzake walikuwa na mizigo ya kilo kama 90 kwa watu watatu. Huwezi kutembea nayo ukutani. Mmoja anatangulia, anatafuta nyufa, anagongomea vyuma, anafunga kamba, wenzake wanafuata, kisha mifuko inavutwa kwa kamba, ikikwaruza mwamba na kunasa kila penye pembe, mtu anashuka kuinasua, inavutwa tena. Ndani ya mifuko hiyo kulikuwa na chakula cha siku 7.

Kusi linapofika mlimani

Sasa upepo. Kusi linalovuma pwani yetu kuanzia Aprili, lile lililokuwa likisukuma majahazi kutoka Kilwa na Lamu kuelekea Arabuni na India, haliishii baharini. Likishavuka ikweta linageuka, linakuwa upepo wa kusini-magharibi, linanyonya unyevu wa Bahari ya Hindi njia nzima, na kuushusha India kuwa mvua. Linapogonga ukuta wa Himalaya halina pa kwenda ila juu, na likienda juu linapoa na kumwaga. Kwenye mabonde inanyesha mvua, juu inaanguka theluji. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba hakuna mwenye akili timamu anayening'inia kwenye ukuta wa Garhwal.

Yanabaki madirisha mawili. La kwanza ni kabla ya monsuni, Mei na Juni: siku ndefu, lakini theluji ya kipupwe bado inayeyuka na mawe yanaanguka. La pili ni baada yake, Septemba na Oktoba: anga safi, miamba mikavu, na barafu iliyoshika. Lakini siku zinafupika, na baridi inaongezeka kila usiku. Timu ya 2008 ilichagua dirisha la pili.

Dirisha halimaanishi ahadi. Dhoruba iliwakuta wakiwa bado sehemu ya chini, ikawafungia kwenye kitanda cha kuning'inia kwa siku nne.

Kitanda hicho ni fremu ya mabomba ya aluminiamu iliyotandazwa kitambaa kigumu, kikubwa kidogo kuliko kitanda cha watu wawili, kimefungwa kwenye mwamba kwa kamba zinazokutana juu katikati, na kufunikwa kwa turubai. Watu watatu wanalala humo kichwa kwa miguu. Kila mmoja anabaki amefungwa kamba kiunoni, hata usingizini. Pumzi zao zinaganda kwenye turubai, na mmoja akijigeuza, barafu ile inawanyunyizia wote usoni. Theluji inayoteleza ukutani inaingia kati ya mwamba na kitanda, inajaa mgongoni, inawasukuma nje. Lazima mtu atoe mkono aikung'ute. Jiko dogo linaning'inizwa katikati kwa mnyororo. Sufuria ikimwagika, magunia ya kulalia yameloa, na gunia lililoloa halikaushiki tena mpaka urudi chini.

Siku nne zilikwisha hivyo, na bado ukuta wenyewe hawajaugusa.

Nusu ya gesi imekwenda wapi

Watu wakisikia chakula kimeisha hufikiria njaa. Mlimani kinachotangulia kuua ni kiu na baridi, na vyote vitatu ni kitu kimoja kwa sura tatu.

Ukutani hakuna maji. Kuna barafu na theluji tu, na ukiila theluji unaupoza mwili unaotafuta joto. Lazima iyeyushwe. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri, bila hata kuongeza joto la maji yake kwa nyuzi moja, kunatumia nishati ile ile inayohitajika kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwenye mita 6,000 na zaidi hewa ni nyepesi, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, haifiki nusu ya ile ya Mombasa, na maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi badala ya 100. Kwa hiyo ukichemsha sufuria ya chai kutoka kwenye barafu, nusu ya gesi yako imekwenda kwenye kuyeyusha tu, kabla sufuria haijaanza kupata moto. Na moto wenyewe haufiki mbali: maharage ungeyapika mchana kutwa yasiive. Ndiyo maana hubebwa vyakula vinavyolainika upesi, kama kuskusi, na jibini, ambayo ina mafuta mengi kwa uzito mdogo.

Mtu anayepumua kwa nguvu kwenye hewa kavu ya mlimani hupoteza maji mengi kwa pumzi peke yake, na huhitaji lita tatu au nne kwa siku. Mara watu watatu. Sasa nyoosha chakula na gesi ya siku 7 hadi siku 20. Watu watatu kwa siku 7 ni milo ya siku 21. Watu watatu kwa siku 20 ni mahitaji ya siku 60. Kila mmoja anapata kama theluthi ya anachohitaji, tena wakati mwili unadai zaidi ya kawaida, kwa kuwa unapanda na kutetemeka.

Mwili wenye njaa hautengenezi joto la kutosha. Ukikosa joto unafanya uchaguzi wake wenyewe bila kukuuliza: unairudisha damu kifuani na kichwani, unaiacha mikono na miguu. Vidole vinakufa ganzi. Vidole ndivyo vinavyofunga mafundo, vinavyofungua pete za chuma, vinavyoshika mwamba. Mtu aliyekosa mlo wa jana, leo anafunga fundo polepole; kwa sababu ya upole huo giza linamkuta nje; kwa sababu ya giza anatumia siku moja zaidi; na siku hiyo moja ina mlo wake usiokuwepo. Mnyororo huu ndio uliowashika. Baada ya dhoruba wangeweza kushuka, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliamua kuendelea kwa kula kidogo kidogo. Mimi naona uamuzi ule ndio uliokuwa wa hatari kuliko wote, zaidi ya ule wa kugeuka, ingawa huo wa pili ndio unaosimuliwa.

Kiwanja cha mpira

Walipanda ukuta wote wa pezi. Siku ya kujaribu kilele waliacha kitanda na magunia ya kulalia kwenye kambi yao ya mwisho, wakaenda wepesi, kwa sababu usipokwenda mwepesi siku hiyo hufiki. Mchana ukawaishia kwenye ukingo wa juu. Mbele yao kulikuwa na mwamba mwingine.

Hapo ndipo mita 100 zinapoacha kuwa mita 100. Kwenye njia ya miguu ni dakika mbili. Kwenye mwamba mgumu wa mwinuko ule, urefu wa kamba moja, mita 50 au 60, huweza kula saa nyingi, mara nyingine siku nzima. Kwao mita 100 zilikuwa usiku mzima nje, bila hema, bila gunia la kulalia, bila gesi ya kutosha ya kuyeyushia maji, wakiwa na miili iliyokwisha kula akiba yake. Na kilele si mwisho wa safari. Kutoka hapo kungebaki kushuka ukuta wote kwa kamba, fundo baada ya fundo, kwa vidole vile vile. Aliyewahi kukaa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, akawaona watu wakirudishwa wakiwa wamebebwa, anajua kwamba wengi huharibikiwa wakiwa njiani kurudi. Kule Kilimanjaro kuna mtu wa kukubeba.

Kwa hiyo hawakupima umbali. Walipima saa za giza dhidi ya joto lililobaki mwilini, wakaona hazilingani. Chaguo lilikuwa kati ya kilele na vidole vyao, na pengine roho zao. Walishuka. Walipofika chini zilikuwa zimetimia siku 20 tangu waanze, miguu yao imeharibiwa na baridi na unyevu.

Wapandaji wengine wamegeuka karibu zaidi ya hapo. Mwaka 1957 Wilfrid Noyce na David Cox waligeuka nyuma Machapuchare, Nepal, wakiwa wamebakiza kama mita 50. Huko walizuiwa na barafu na theluji mbovu, na kilele chenyewe, kinachoheshimiwa na wenyeji kuwa kitakatifu, baadaye kikafungwa kisipandwe tena. Noyce na Cox hawakupata nafasi ya pili. Tilman aliipata: mwaka 1936 alirudi Nanda Devi kwa njia ile ile ya korongo aliyoigundua na Shipton, na tarehe 29 Agosti akasimama kileleni pamoja na Noel Odell.

Anker, Chin na Ozturk walirudi Meru mwaka 2011. Miezi mitano tu kabla ya safari hiyo, Ozturk alikuwa amevunjika fuvu na mifupa ya shingo katika ajali ya kuteleza kwenye theluji, na Chin alikuwa amenusurika poromoko la theluji. Safari hii walijua ufa gani unaendelea na ufa gani unakufa ghafla, wapi pa kutundika kitanda, na mwamba ule wa mwisho unataka nini. Tarehe 2 Oktoba walipapita mahali walipogeukia mara ya kwanza, wakapanda mita zilizobaki, wakafika juu.